Kilo Kumi na Mbili

Watoto wote walioikanyaga ile sakafu waliwasha taa. Polikarp wangu aliikanyaga mara tatu na taa haikuwaka.

"Ruka, kijana," fundi alimwambia. Alikuwa ameleta kipande hicho cha sakafu sokoni Sumbawanga kutuonyesha jinsi hatua za watu zinavyozalisha umeme.

Akaruka. Hakuna kitu.

"Labda imeharibika," nikasema.

"Hapana, mama. Inataka kilo kumi na mbili tu." Akaitazama miguu ya mwanangu. "Huyu ana miaka miwili, eti?"

"Juni anatimiza minne."

Nyuma yetu lori lilikuwa linapakia mahindi, yakiwemo ya kwetu Mollo. Akina mama wengine, kila mmoja akamshika wake mkono.

Nikavua kandambili. Nikainama kama namfunga kifungo cha shati, nikakandamiza kisigino changu nyuma ya nyayo zake.

Taa ikawaka. Polikarp akacheka mpaka akapaliwa. Fundi akageuzia uso pembeni.

"Mama, umeona? Nimewasha."

"Nimeona, baba."

Akanisukuma goti kwa mikono yote miwili. "Sasa toka. Wanione nikiwasha peke yangu."