Ulimi Uliobaki

Siku hizi benki haitaki rehani ya nyumba. Ukitaka ikupunguzie riba ya kadi, unaipa ladha moja ya ulimi wako. Mwanakombo alitoa chumvi, riba ikashuka kutoka asilimia thelathini hadi kumi na nane. Hakumwambia mumewe, Athmani. Tangu hapo anatia chumvi kwa kupima na kijiko, na Athmani hula akisifu.

Jumapili mchana alipakua mchuzi wa kamba.

"Leo umepatia, mama Saumu," Athmani alisema. "Chumvi imekolea."

Saumu, binti yao wa miaka sita, akatema tonge. "Mama, mbona hauna chumvi?"

Mwanakombo akageuka. Kijiko cha chumvi kilikuwa bado kimejaa, kando ya jiko. Alikisahau.

Athmani akaacha kutafuna. Hawakuulizana ni lini, wala asilimia ngapi.

Simu zao zikalia kwa pamoja. "Riba ya kadi zenu inaweza kushuka tena. Nyumbani kwenu kumebaki ulimi mmoja unaojua chumvi."

Saumu alikifuata kijiko, akanyunyiza kwenye sahani zote tatu. "Sasa onjeni."

Mwanakombo akaonja, akasema tamu. Athmani alikuwa bado anausoma ujumbe.