Msomaji wa Kalenga

Blogu ya Brayson ilikuwa na msomaji mmoja tu duniani, na msomaji huyo hakutaka picha.

"Ndugu mwandishi, picha zinatuvurugia," aliandika chini ya makala. "Maneno matupu yanatosha. Ni mimi Tekla, Kalenga, Iringa."

Brayson akazitoa picha zote siku hiyohiyo. Hata wewe ungekuwa na msomaji mmoja, ungezitoa.

Blogu yenyewe ilihusu zana za kutengenezea tovuti kwa Java, ile lugha ya kompyuta wanayoitumia watu wa benki na ofisi kubwa. Aliiandikia chumbani, nyumbani kwa dada yake Bertha pale Iyunga, Mbeya, malori ya Zambia yakitikisa dirisha. Makala ya zana iitwayo Tomcat ilikuwa ndefu. Ya nyingine, Maven, ilikuwa ndefu zaidi, na nusu nzima ilieleza namna ya kupanga mafolda. Bertha, anayempenda mdogo wake kufa, aliisoma mpaka aya ya pili akakumbuka ana maharage jikoni. Hakuwa na maharage jikoni.

Tekla ndiye hakukosa. Kila siku ya kazi, saa nane ya mchana ikipita kidogo, maoni yake yalikuwa yameshaingia.

"Ile ya Maven tunairudia wiki nzima sasa, na hatujawahi kuifikisha mwisho. Hapa nina vichwa vigumu, lakini kwako wote wanatulia."

"Unaona, dada?" Brayson akamsogezea Bertha simu. "Wanaichambua mstari kwa mstari."

"Akina nani hao?"

"Si timu yake! Huyu mama ni bosi wa watu."

Bertha akaguna. Yeye aliamini mdogo wake kazaliwa kwa ajili ya gitaa, basi. Brayson alipiga solo kwenye bendi ya harusi ya Sosthenes, na alipiga vizuri mno kwa mtu anayeota kukaa ofisini. Mama wa maharusi waliacha sahani za pilau wakaja kumtunza. Yeye aliona aibu. Alitaka siku moja aitwe mtaalamu, si mpiga gitaa.

Mara moja tu, kwa utundu, aliandika kwenye blogu kuhusu muziki, jinsi solo inavyopandishwa taratibu mpaka ukumbi mzima unasimama. Akaweka na rekodi yake mwenyewe akipiga. Ndiyo makala pekee aliyoiandika huku anacheka.

Tekla alikuja juu.

"Tafadhali sana, usirudie! Ile ya muziki imetuharibia mchana wote, hakuna aliyetulia hata mmoja. Turudishie Java."

Brayson nusura alie kwa furaha. Huyu sasa ndiye mtu! Watu wa kawaida wanataka gitaa, huyu anataka mafolda.

Haikupita wiki, mwaliko ukaja.

"Ndugu mwandishi, hujui ulivyotuokoa. Kabla yako wenzangu wawili waliacha kazi wakilia. Njoo Ijumaa saa nane mchana uwaone wanavyokufurahia. Na ukipenda, tuna nafasi, ubaki nasi kabisa."

Hapo hata Bertha aliacha kuguna. Nafasi ni nafasi. Ila Ijumaa hiyohiyo bendi ilikuwa na harusi kubwa Mbeya mjini.

"Ukienda Iringa, gitaa la bendi nampa Jailos," Sosthenes alisema. "Na ukirudi usiniulize."

"Mpe tu, kaka. Mimi naenda kwa watu wanaonielewa."

Aliyasema kifua mbele, lakini kulikabidhi lile gitaa kulimuuma vibaya. Alilifuta vumbi, akalitazama, akalifuta tena.

Alipanda basi la alfajiri na shati la kuazima. Tai aliivaa Makambako, akaivua Mafinga kwa joto la wasiwasi, akaivaa tena Iringa stendi. Bodaboda ikampeleka Kalenga, ikayapita makumbusho, ikamshusha mbele ya jengo refu la matofali lenye geti la bluu. Kutoka ndani kabisa zilisikika kelele za watu wengi wanaogombana.

Wanabishana, Brayson akawaza. Timu isiyobishana si timu.

Akatoka mama mmoja wa makamo, miwani imekaa upande, macho yamechoka kama ya mtu aliyekesha kwenye kompyuta.

"Kamwene, baba, karibu sana! Ndio wewe mwenyewe? Jamani, kwa yale maandishi nilijua ni mzee!"

"Ndio mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na ile ya Maven?"

"Nimekuja nayo, mama. Na nimeirefusha."

Tekla akashika kifua. "Mungu akubariki, mwanangu."

Brayson akatanua kifua. Hakuna mama wa harusi aliyewahi kumwambia hivyo kwa ajili ya gitaa.

"Ila leo wamechachamaa, nakwambia mapema," Tekla alinong'ona wakitembea kwenye korido. "Usihangaike kuwachangamsha. Soma vilevile unavyoandika, na usiruke kitu."

"Nianze na utangulizi?"

"Anza na mafolda."

Brayson akakaza tai na kukohoa kidogo. Tekla akausukuma mlango, akapiga makofi.

"Haya wanangu, kelele basi! Aliyeshakojoa apande godoro lake, ambaye bado akimbie haraka! Leo mjomba wa Maven amekuja mwenyewe!"