Lalamiko la Tatu

Binti wa mfalme alikuwa ananyongwa kwa mara ya nne mchana ule, na kilio chake bado kilikuwa hakijakaa sawa, mlango ulipogongwa.

Sauti Saba alizima maikrofoni. Alijua ni nani. Alhamisi, saa tisa kamili.

Kazi yake ilikuwa kutia sauti kwenye filamu za kigeni, na aliwasemea wote peke yake: wazee, mabinti, majini, hata farasi. Safari hii ilikuwa filamu ya mji ambao mtu akifa kivuli chake hubaki ukutani, na mpelelezi mmoja mwenye kikohozi hukihoji kivuli hicho mpaka kimtaje muuaji. Ili maikrofoni isinase makelele ya nje, Sauti Saba alikuwa amefunika kuta kwa magodoro na dirisha kwa mablanketi matatu. Mvua ikinyesha hakuwa na habari mpaka atoke alowe. Tangu afiwe na mkewe, wiki nzima iliweza kupita asiongee na mtu asiyekuwa yeye mwenyewe.

"Karibu, afande."

Sajini aliingia. Alikuwa mama mzito wa mwili, mvi zikichungulia chini ya kofia, sare imenyooshwa kwa pasi utadhani anakwenda kwenye gwaride, miguuni raba nyeupe. Alikuja peke yake, kama kawaida yake.

"Bwana, tumepata lalamiko jingine," alisema. "Jirani kasikia mwanamke analia, anaomba asiuawe."

"Ni mimi, afande."

"Najua ni wewe. Lakini lazima nihakikishe."

Mara ya kwanza alikagua mpaka uvungu wa kitanda. Leo alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa cha marehemu, akavua kofia, akaipakata. Daftari alilifungua, kalamu akaisahau mfukoni.

Sauti Saba alimimina chai. Mwenye nyumba alikwishamwambia bila kupepesa macho: polisi wakifika mlangoni kwako mara tatu, funga virago. Na hii ndiyo ilikuwa ya tatu. Chumba hiki alikaa na mkewe miaka kumi na tisa. Nani mwingine angempangisha mjane wa kiume anayegongomea magodoro ukutani na kulia kike kutwa nzima? Hakumwambia Sajini lolote. Aliona haya.

"Haya, tuliishia wapi?" Sajini aliuliza. "Kivuli cha mpishi kiligoma kusema."

"Kimesema. Lakini kimedanganya."

"Kumbe hata vivuli hudanganya?"

"Kama kilimpenda muuaji."

"Mh! Mapenzi hayo."

Basi akamchezea kipande kile chote kwenye skrini, akikohoa na mpelelezi, akinguruma na mfalme, akilia na binti. Sajini alisogeza kiti mbele. Mpelelezi alipomnyooshea kidole tabibu wa mfalme, mama wa watu alijipiga paja.

"Si yeye! Litazame hilo fundo la kamba. Aliyelifunga anatumia mkono wa kushoto. Tabibu kashika kikombe kwa wa kulia tangu mwanzo."

Sauti Saba aliduwaa. Alikuwa ameitazama filamu ile mara kumi na moja na hakuliona hilo.

"Basi muuaji ni..."

"Koma! Usiniambie. Nitamkamata mwenyewe."

Walicheka pamoja. Kwa muda ule mfupi Sauti Saba alisahau kwamba aliyekaa mbele yake ndiye anayemhamisha. Alipokumbuka, kicheko kilimkauka.

"Afande, huyo jirani ni nani? Niende nikamwombe radhi, yaishe."

Sajini aliitazama kofia yake. "Mlalamikaji hatajwi, bwana. Ndiyo sheria." Aliinuka, akajikung'uta sare isiyokuwa na vumbi. Mlangoni aligeuka. "Zimebaki sehemu ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu," alisema, akashuka ngazi polepole.

Mficha uchi hazai. Kesho yake asubuhi Sauti Saba alivaa shati lake la misibani akaenda kituoni, na njiani alirudia maneno yake kwa sauti tatu tofauti, asijue ipi inafaa kubembeleza. Kwenye kaunta alikuta konstebo kijana. Akatumia sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa imeshika kutu.

"Mwanangu, nina malalamiko matatu dhidi yangu hapa. Chumba namba tisa, ghorofa ya juu. Nakuomba, hilo la tatu lisimfikie mwenye nyumba. Nitahamia wapi mimi?"

Konstebo alifungua daftari kubwa. Akashuka na kidole, akapindua ukurasa, akashuka tena.

"Namba tisa hakuna kitu, mzee."

"Angalia vizuri. Kila Alhamisi mnamtuma sajini. Mama mmoja hivi, mwenye mvi."

Kidole cha konstebo kilisimama. "Anavaa raba nyeupe?"

"Huyo huyo."

Kijana alifunga daftari taratibu na kuteremsha sauti. "Mzee, yule mama alistaafu miaka minne iliyopita. Sasa sema ukweli wako, anakusumbua?"

Sauti Saba alishika ukingo wa kaunta. Kisha akavuta kalamu ya konstebo na kumwekea mkononi.

"Andika," alisema. "Chumba namba tisa kuna kelele zisizovumilika, na ninaomba aje yeye."