Mwangaza wa Nusu Shuka

Berthe alilikata katikati shuka jeupe la kitanda, maana siku hizi nusu ilimtosha.

Alikuwa mpiga picha pale Mbunya, na jua la dirishani lilikuwa likiwafanya wateja wakunje uso. Akalivuta lile shuka juu ya fremu ya mianzi, akalifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akaiegemeza fremu dirishani. Jua likaingia chumbani likiwa limepoa.

Hakukuwa na mtu wa kujaribia. Akaitega kamera ipige picha yenyewe, akaenda kukaa kwenye benchi.

Jirani yake alipokuja kurudisha sufuria, Berthe alimwonyesha ile picha.

“Mama Berthe, iko muzuri. Sura haina kivuli hata kidogo. Lakini juu ya nini umekaa kwa pembeni?”

Berthe akaitazama tena. Kweli, alikuwa amekaa ukingoni kabisa, bega limegusa ukuta, na sehemu yote iliyobaki ya benchi ilikuwa tupu. Hapo patupu ndipo alipokuwa akikaa marehemu mume wake.

Jirani alikuwa ameshafika mlangoni.

“Weye, usiende kwanza,” Berthe alisema. “Kuya ukae hapa.”