Hodi ya Kiingereza

“Nikija Jumamosi,” Yohana alisema kwa Kiingereza, akagonga meza, ngo.

“Baba atakuwa shambani Mahurunga,” Lucinda akamalizia kwa Kiingereza hichohicho, macho kwenye cherehani.

Ile ngo ilikuwa mkato. Mwalimu wao wa masomo ya jioni pale Rahaleo alikuwa na ugomvi na watu wanaosahau mkato. Sentensi inayoanza na “if”, aliwafundisha, ni mtu anayebisha hodi: haiwezi kushinda mlangoni peke yake. Tia mkato, kisha umjibu karibu.

Basi kila alasiri, barazani kwa kina Lucinda, karani wa bandari na fundi cherehani wakawa wanafanya mazoezi, mmoja akibisha, mwenzake akikaribisha. Mazoezi gani hayo, mpaka mashavu yanauma kwa kucheka?

Baba mtu, Mzee Armando, alikuwa palepale kwenye kigoda, akiwapikia chai. Alivuka Ruvuma angali kijana, na Kireno chake, na Kimakonde chake, na Kiswahili kisichojua r. “Someni, wanangu,” huwaambia, “elimu ni bahali.” Alikuwa na mambo yake yule mzee: lazima kwanza apashe buli kwa maji ya moto, ayamwage, ndipo atie majani. Na mkali! Wachumba wawili alishawafukuza, mmoja kwa kuingia uani bila hodi, mwingine kwa kubisha hodi huku ameshaketi.

“Ingawa mzee anajiona mpishi,” Yohana alisema siku moja kwa Kiingereza, ngo.

“Chai yake inanuka moshi.”

Walicheka hadi uzi ukakatika. Kesho yake wakaletewa maji ya moto matupu. Mzee alisema majani yameisha.

Alhamisi Yohana alikuja na shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo. Alieleza kwamba kazini wamemhamishia Tanga, na meli inaondoka Jumatatu. Lucinda alishona mkono wa gauni mahali pa shingo, akaufumua, akaushona palepale tena.

“Nikimwomba baba yako anipe wewe,” Yohana alisema kwa Kiingereza. Akainua kidole agonge meza, kidole kikakataa kushuka.

Lucinda alifungua mdomo. Akawakumbuka wale wawili, mmoja alivyotoka mbio akasahau kiatu. Hodi ikabaki mlangoni, imeshika kofia mkononi.

Nyuma yao kijiko kiligonga buli, ngo.

“Atasema kalibu, mwanangu, na kuanzia leo chai utapika wewe,” alimalizia Mzee Armando, kwa Kiingereza.