Sikio Juu ya Kabati la Vyombo

Hivi wewe ungeweza kukaa miezi saba bila mtu kucheka nyumbani mwako?

Bi Mwatumu aliweza. Mwanawe, Hemedi, alipigwa risasi na mlinzi wa ghala akafa, naye mama akafungua madai ya fidia. Siku hizi kila nyumba inayodai kifo cha risasi hutundikiwa sikio la mahakama, kidude cheupe chenye taa ya kijani. Lake lilikaa juu ya kabati la vyombo. Likisikia kicheko kabla ya kesi kusikilizwa, basi, kwa mahakama familia imeshapoa uchungu, na madai yamekufa.

Redio aliigawa kwa jirani. Mashoga zake wakawa wanamsalimia dirishani tu, tena kwa kunong'ona. Hata chapati aliziacha, maana Raya, binti wa Hemedi mwenye miaka mitatu, akiona chapati inavimba hajiwezi kwa kucheka.

Jumanne, zikiwa zimebaki siku mbili kesi isikilizwe, Raya aliamka na homa, akagoma kula.

"Bibi, nataka chapati. Moja tu."

"Haya, moja. Lakini ufumbe macho, mjukuu wangu."

Akafumba, ila akachungulia kati ya vidole.

Kicheko kilipomtoka, taa iligeuka nyekundu.

"Pole, mama," sauti ya karani wa mahakama ikasema kutoka kwenye lile sikio. "Kesi imefungwa. Fidia haipo tena."

Bi Mwatumu aliipua chapati, akaipoza, akampa mtoto.

"Fidia kaa nayo, baba," alisema. "Mimi nilitaka yule mlinzi asimame mbele yangu, aniambie mwanangu alisema nini kabla hajakata roho."