Nishani ya Mwisho

Katika mji ule wa jangwani, kila aliyemaliza nusu marathoni alivikwa nishani ya udongo wa kuchoma, yenye alama ya dole gumba la mfinyanzi. Mkimbiaji wa mwisho alipofika akichechemea, ngoma zilikuwa zimenyamaza na kikapu cha Bi Sikudhani, mgawa nishani, kilikuwa kitupu.

"Usijali, mama. Maji yanatosha."

"Hapa mgeni haondoki shingo tupu."

Akavua nishani yake mwenyewe, ya mwisho aliyoifinyanga marehemu mumewe, akamvika. Mgeni akashukuru, akashuka zake mchangani huku akiipapasa.

Bi Sikudhani alimsindikiza kwa macho. Dole gumba lake likapanda kifuani kutafuta kile kishimo kilichozoeleka cha dole la mumewe, likakuta moyo unadunda.